Mafahali wakipigana, usibomoe zizi: barua ya wazi kwa Msajili wa Jumuiya wa Malaysia

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Jabatan Pendaftaran Pertubuhan Malaysia,
Putrajaya.

Mheshimiwa,

YAH: KUFUTWA KWA CHAMA CHA myPPP, TAREHE 14 JANUARI 2019

Nakuandikia kwa lugha usiyoisoma, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Barua ya wazi huandikiwa mmoja ikasomwa na wengine, na hao wengine wangu ni wasemaji wa Kiswahili. Hata hivyo hutapotea kabisa. Idara yako inaitwa Pendaftaran, na ndani ya neno hilo limejificha daftari letu. Bunge lenu ni la Rakyat, nasi watu hao tunawaita raia. Waarabu walituachia maneno hayo sote, ninyi ng'ambo ile ya Bahari ya Hindi na sisi ng'ambo hii. Basi ninalotaka kusema nawe ni la daftari na raia.

Nilisoma jimbo la Perak miaka michache, na Jumamosi nyingi zilinikuta Ipoh. Mjini pale kuna bustani watoto wanakokwenda kucheza, Taman D.R. Seenivasagam. Kuna na barabara iliyopewa jina la S.P. Seenivasagam. Mwanzoni nilidhani ni mtu mmoja aliyeandikwa vibaya mahali pamoja. Mzee wa Kichina aliyekuwa akiniuzia kahawa ndiye aliyenisahihisha: ni ndugu wawili, mawakili, Watamili wenye asili ya Ceylon, na yeye na baba yake waliwapigia kura miaka nenda rudi. Nilishangaa. Nilikuwa nimeshafundishwa na kila mtu kwamba Malaysia Mmalay humchagua Mmalay, Mchina humchagua Mchina, Mhindi humchagua Mhindi, habari imekwisha.

Haikuwa hivyo Ipoh. Januari 1953 ndugu hao walianzisha Perak Progressive Party, ambacho baadaye kilibadili neno la kwanza kikawa People's Progressive Party, PPP, hichohicho kilichokuja kuitwa myPPP. Bonde la Kinta, ulipo mji wa Ipoh, lilikuwa la migodi ya bati, na waliolijaza walikuwa wachimbaji wa Kichina na watoto wao, wengi wao wamehamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vipya wakati wa vita vya Waingereza dhidi ya wakomunisti. Kwa watu hao swali kubwa lilikuwa uraia: nimezaliwa hapa, je, mimi ni wa hapa? PPP ilijibu ndiyo, bila ya kigugumizi, ikataka na lugha za Kichina na Kitamili zipewe hadhi rasmi. Katika uchaguzi wa 1955 Alliance, muungano uliotawala, ulikuwa umezoa viti 51 kati ya 52. Mwaka 1957 D.R. akashinda uchaguzi mdogo wa Ipoh, akaenda kukaa upande wa upinzani uliokuwa karibu mtupu. Mwaka 1959 chama kilipata viti vinne vya bunge.

Kuna kisa kimoja nakipenda, nawe utanivumilia. Mwaka 1964 D.R. alisimama bungeni akamtuhumu waziri Abdul Rahman Talib kwa rushwa. Akaambiwa, kama wewe mwanamume, kayaseme hayo nje, ambako kinga ya bunge haifiki. Akatoka, akayasema hadharani Kuala Lumpur. Waziri akamshitaki. Waziri akashindwa. Chama cha wabunge wawili, maana uchaguzi wa mwaka huo ulikipunguza mpaka hapo, kilimwondoa waziri kwenye kiti chake. Udogo wa chama, Mheshimiwa, haupimwi kwa idadi ya viti peke yake.

Machi 1969 D.R. akafariki, miezi miwili kasoro kabla ya uchaguzi. S.P. akashika usukani akiwa na msiba, na matokeo ya Mei yakawa makubwa kuliko walivyowahi kupata: katika bunge la jimbo la Perak lenye viti 40, Alliance ilipata 19, PPP 12, na viti vilivyosalia wakagawana vyama vingine vya upinzani, DAP, Gerakan na PAS. Hakuna aliyekuwa na wingi. Halafu ikaja tarehe 13 Mei, ghasia za kikabila na damu Kuala Lumpur, hali ya hatari, bunge likafungwa. Mwaka 1972 S.P. alikubali kuungana na Alliance kuiendesha Perak, na 1974 PPP ikawa miongoni mwa waanzilishi wa Barisan Nasional, muungano tawala ulioshika nafasi ya Alliance.

Mimi simlaumu S.P. kwa wepesi. Waliokuwa wameona moto ule walikuwa na haki ya kuogopa mwingine. Ila wapiga kura wa Kinta walikuwa wamempa kura ili apambane na watu hao, si akae nao meza moja, na uchaguzi uliofuata walimwonyesha: PPP ilibaki na kiti kimoja cha bunge, S.P. mwenyewe akaangushwa, DAP ikarithi mitaa ile. Mwaka 1975 S.P. naye akafa. Ndugu wote wawili wameondoka ndani ya miaka sita na ushei, na chama kilikuwa ni wao.

Miaka iliyofuata naipita haraka kwa sababu haina mengi ya kusifu. Marais wa chama walipokezana, makundi yakavutana, na kwa zaidi ya miaka 20 PPP haikuingiza mtu bungeni kwa kura. Iliishi kama mgeni wa kudumu kwenye nyumba ya Barisan: jina lipo mlangoni, chumba hakipo. Mwaka 1993 akaja M. Kayveas, akakaa kwenye urais wa chama robo karne. Alikuwa mchapakazi, hilo nakiri. Alipata useneta, akawa naibu waziri, na 2004 akashinda kiti cha bunge cha Taiping. Mwaka 2008 Nga Kor Ming wa DAP akaichukua. Kuanzia hapo PPP, ambayo sasa ilijiita myPPP, ikarudi kusubiri kugawiwa.

Na mgawiwa hachagui. Kayveas alijijenga kwa miaka Cameron Highlands, kule kwenye mashamba ya chai, akitumaini kiti hicho atapewa yeye 2018. Kiti kilikuwa cha MIC, chama cha Wahindi ndani ya Barisan, na MIC ikabaki nacho. Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Mwezi Aprili, uchaguzi ukiwa mlangoni, kundi la Maglin Dennis D'Cruz lilitangaza kwamba Kayveas si kiongozi tena. Kayveas naye akasema wao ndio waliofukuzwa. Tarehe 9 Mei Barisan ikaanguka kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na vyama vyake 13 vikaanza kutawanyika kama kuku walioona kipanga. Kayveas akatangaza myPPP inatoka Barisan. Kundi la pili likatangaza myPPP inabaki. Chama kimoja kikawa ndani na nje kwa wakati mmoja.

Mgombea wa MIC alikuwa ameshinda Cameron Highlands kwa kura 597, na mahakama ikaufuta ushindi huo Novemba 2018 kwa sababu ya rushwa. Uchaguzi ukarudiwa Januari 26, 2019. Siku 12 kabla ya kura, ofisi yako ikakifuta chama kilichopasuka kwa ajili ya kiti hichohicho. Na kiti? Barisan ilimpa Ramli Mohd Nor, polisi mstaafu wa jamii ya Orang Asli, wenyeji wa misitu ile, akashinda, akawa wa kwanza wa jamii yake kuchaguliwa kuingia Dewan Rakyat. Kuwafikiria wenye ardhi ile ilihitaji MIC na Kayveas, waliokigombea, wakikose wote wawili kwanza.

Sasa nije kwako.

Sheria yako ya Jumuiya ya 1966, kifungu cha 16, inasema kwamba ukiona mgogoro umekufanya usiwatambue viongozi halali, unaweza kukitaka chama kikuletee ndani ya mwezi mmoja ushahidi kwamba mgogoro umekwisha, au kwamba hatua za kuumaliza zimefunguliwa. Kikishindwa, unaweza kukifuta. Kifungu cha 18C kinasema uamuzi wa chama cha siasa juu ya mambo yake ya ndani ni wa mwisho, mahakama zisiuguse. Viweke pamoja uone mwanachama wa kawaida amebanwaje. Viongozi wawili wamegombana. Hawezi kwenda mahakamani kuuliza nani wa haki. Hawezi kuwalazimisha wapatane. Mwezi ukiisha, anayefutwa ni yeye. Rufaa iko kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye ni mwanasiasa wa chama kingine.

Kwetu tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sijasikia bado mtu aliyelibomoa zizi kwa sababu hiyo, ng'ombe wengine wakalala nje.

Utasema sheria haikukuachia njia. Ilikuachia, kwa sababu ofisi yako imeshaipita. Uchaguzi wa ndani wa DAP wa Desemba 2012 uliharibika kwa kosa la hesabu kwenye kompyuta, na ofisi yako ikawaagiza warudie; wakarudia Septemba 2013. Walilalamika sana kwamba mnawaandama, na labda walikuwa na sababu, lakini chama kilikuwa hai cha kulalamika. Desemba 2014 MIC waliagizwa warudie uchaguzi wa makamu wa rais na kamati kuu. Nao walivutana, wakafukuzana, wakafikishana mahakamani, mwishowe S. Subramaniam akatambuliwa na maisha yakaendelea. Kwa hao wawili daftari lilisema: rudieni. Kwa myPPP likasema: tokeni.

Na UMNO, chama cha Wamalay kilichoongoza Barisan, je? Aprili 1987 waziri mkuu Mahathir alimshinda Tengku Razaleigh kwenye uchaguzi wa urais wa chama kwa kura 761 kwa 718. Walioshindwa wakaenda mahakamani, na Februari 4, 1988 jaji Harun Hashim akaamua kwamba UMNO yenyewe ni jumuiya haramu kwa kuwa matawi 30 hayakusajiliwa. Chama tawala kimekufa! Tunku Abdul Rahman, baba wa uhuru, akakimbilia ofisi yako kusajili UMNO Malaysia, akakataliwa. Mahathir akaleta UMNO Baru, na mwezi huohuo kikasajiliwa. Kwa hiyo daftari likitaka kufunguka haraka linajua. Baada ya misukosuko hiyo ndipo kifungu cha 18C kilipoingizwa, ili yasimfike mwingine. Dawa waliyojitengenezea wakubwa, mdogo ndiye imemdhuru.

Unaweza kuniuliza mimi Mtanzania nina nini na haya. Mwaka huohuo wa 2019, tarehe 18 Machi, Mahakama Kuu yetu iliamua kesi ya uongozi wa CUF. Profesa Lipumba alikuwa amejiuzulu uenyekiti 2015, mwaka uliofuata akaandika kwamba anarudi, na Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua. Mahakama nayo ikampa. Siku ileile Maalim Seif akaondoka na watu wake kwenda ACT-Wazalendo: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Wengi Zanzibar mpaka leo hawajamsamehe msajili, na mimi sisemi wanakosea. Lakini angalau kulikuwa na tanga la kushusha. CUF haikufutwa, aliyetaka kubaki alibaki, aliyetaka kuhama alihama. Nimewaona wasajili wa aina mbili, wa kuchagua upande na wa kuzima taa, na nakuomba uwe wa tatu.

Jina la myPPP lilirudi baadaye magazetini, Loga Bala Mohan akitajwa kuwa rais wake, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Sikipendi chama chenyewe hivyo. Robo karne ya kiongozi mmoja ni ugonjwa, na kugombea kiti cha kupewa si siasa waliyoifanya ndugu wa Ipoh. Wanachama wangeweza kuyasema hayo wenyewe kwa kura, kama wangeitwa.

Ninachoomba hakihitaji bunge kukaa. Mgogoro ukitokea, lifunge daftari la wanachama kama lilivyokuwa siku hiyo, kila upande uzuiwe kuongeza au kufuta jina. Itisha mkutano mkuu, weka msimamizi asiye wa upande wowote, ipigwe kura ya siri. Mwezi mmoja hautoshi kwa kazi hiyo, basi toa miezi sita. Na ukiamua lolote, chapisha sababu zako zote kwa Kimalay, Kichina na Kitamili, mtu wa Menglembu, kule Ipoh, asome bila ya mkalimani.

Ofisi yako inasajili pia vyama vya mazishi na vya koo. Naamini koo mbili zikigombea uwenyekiti wa chama cha mazishi, mtu akifa katikati bado mtataka azikwe.

Wako katika ujenzi wa taifa, japo ni la kwako,

Aliyekuwa mwanafunzi Perak,
sasa Dar es Salaam.

Nakala: Waziri wa Mambo ya Ndani, Putrajaya, kwa kuwa rufaa huishia mezani kwake.