Watoto wa Malindi wafunguliwe viwanja vya skwoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu skwoshi, mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, ambao hapa Malindi wengi wetu huuhesabu kuwa burudani ya watalii na wanachama wa klabu, ilhali kwingineko ni kazi ambayo mtu huianza utotoni na kuishi kwayo hadi afikishe miaka thelathini na kitu. Tangu Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoamua, Oktoba 2023, kwamba skwoshi itachezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 2028, vijana wa mtaani kwetu wamekuwa wakiniuliza kama mtoto wa hapa anaweza kuutegemea mchezo huo kwa riziki. Naamini anaweza, ila kwanza apate pa kuchezea.

Anayedhani kuwa huu ni mchezo wa matajiri pekee na amkumbuke bingwa Hashim Khan wa Pakistan. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika klabu ya maofisa wa Kiingereza huko Peshawar, naye akiokota mipira iliyoruka nje ya viwanja visivyo na paa. Maofisa walipokwenda kupumzika ndipo alipopata nafasi ya kuingia kucheza, tena pekupeku. Mwaka 1951, akiwa katika umri ambao wachezaji wengi huwa wamekwisha kustaafu, alitwaa ubingwa wa British Open, mashindano makubwa ya skwoshi ya Uingereza, kisha akautwaa mara sita zaidi. Kijiji chake cha Nawakille ndicho asili ya ukoo wa Jahangir Khan, bingwa mwingine wa skwoshi, ambaye kwa zaidi ya miaka mitano, kuanzia 1981 hadi 1986, hakushindwa na mtu. Wazazi wa watoto wetu nao ni wapishi, walinzi na wahudumu wa vyumba katika hoteli za ufuoni. Tofauti ni kwamba mtoto yule aliachiwa uwanja.

Hata hivyo, sipendi kumdanganya mzazi yeyote. Mchezaji wa kulipwa wa skwoshi hana mshahara. Hujiunga na chama cha wachezaji hao, PSA, kisha huanzia katika mashindano madogo ambayo zawadi yake yote ni dola elfu chache za kugawanywa kwa wachezaji wengi, na anayetolewa mapema hubaki na fedha zisizotosha hata nauli. Tiketi ya ndege, viza, malazi, raketi na nyuzi zake, yote ni juu yake, na akiumia goti akakaa nje kwa miezi kadhaa, jina lake huporomoka katika orodha ya ubora. Ndiyo maana wengi huongezea kipato kwa ukocha au kwa kuchezea klabu za Ulaya. Hata Nicol David wa Malaysia, bingwa wa dunia mara 8 aliyeongoza orodha hiyo kwa miezi 108 mfululizo, alilazimika kuhamia Amsterdam ili apate mafunzo aliyoyahitaji. Kwa maoni yangu, faida ya kutegemewa zaidi ni elimu: Ali Farag wa Misri alisomea uhandisi Harvard huku akiichezea timu ya chuo, na baadaye akawa bingwa wa dunia mara 4.

Kwa mabinti nina neno la ziada. US Open, mashindano makubwa ya skwoshi ya Marekani, ilianza kuwapa wanawake zawadi sawa na wanaume mwaka 2013, na mashindano mengine makubwa yakafuata. Isitoshe, uwanja wa skwoshi una kuta nne na mlango, jambo ambalo kwa familia nyingi za Pwani si dogo, kwa kuwa binti anaweza kucheza kwa mavazi ya stara bila kutazamwa na mtaa mzima.

Viwanja tunavyo. Katika hoteli moja ya hapa niliyowahi kufanyia matengenezo, uwanja umegeuzwa ghala: magodoro makuukuu na viti vya ufuoni vimerundikwa karibu kufika darini, mbao za sakafu zimevimba kwa unyevu, na ukuta wa mbele ungali na madoa meusi ya mpira chini ya mstari mwekundu. Urefu wake ni mita 9.75 na upana mita 6.40, vipimo vilevile anavyochezea mtoto wa Cairo. Hata joto letu lina faida, kwa maana mpira wa skwoshi ukiwa baridi haudundi, na wanaoanza huchoka kuupasha.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la vifaa na shughuli za michezo. Basi serikali ya Kaunti ya Kilifi ikae na wenye hoteli na klabu, wakubaliane watoto waingie Jumamosi alasiri, na kwa siku nyingi zaidi kati ya Aprili na Juni, wakati wageni ni wachache. Kaunti imlipe kocha mmoja, na iweke dhamana ya maandishi kwamba italipia kitakachoharibika. Kama yupo mwenye hoteli aliye tayari kuanza sasa, mimi na mafundi wenzangu tutamtengenezea sakafu bila kudai ujira, mradi mbao anunue mwenyewe.

Fundi seremala,
Barani, Malindi