Wenye harmonika, njooni tupige pamoja

Habari zenu wapendwa. Baadhi yenu mmeniandikia pembeni mkiuliza kama anayejifunza harmonika (kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo) anaruhusiwa kuja kupiga nasi Jumamosi. Anaruhusiwa, na tunamhitaji sana.

Ninalosisitiza ni hili: uliza ufunguo wa wimbo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, hutajwa kwa herufi kama C au G) kabla hujapuliza. Harmonika ya kawaida ya matundu 10 imetengenezwa kwa ufunguo mmoja, kwa hiyo ukikosea hapo hata ustadi hausaidii. Kwenye muziki wa bluzi wengi hutumia harmonika ya C wimbo ukiwa G, ya D wimbo ukiwa A, na ya A wimbo ukiwa E. Hesabu herufi nne kwenda juu kuanzia ufunguo wa wimbo, ya nne ndiyo harmonika yako: G, A, B, C. Ukipiga hivyo, tundu la 2 ukilivuta pumzi linakupa noti mama ya wimbo, na noti za kuvuta za chini unaweza kuzipinda (kushusha sauti yake kidogo) mpaka zilie. Harmonika hizo tatu zinatosha kabisa kuanzia.

Mwimbaji akiimba, tulia. Subiri amalize mstari, jaza pengo kwa noti mbili tatu, nyamaza tena. Zamu yako ya solo (kupiga peke yako mbele) ikifika nitakuashiria kwa kichwa. Kama hujawa tayari, punga mkono tu, tutampa mwingine, na hakuna atakayekuuliza.

Kabla ya kupiga, suuzeni mdomo kwa maji kwanza (soda huacha sukari inayokwamisha vilimi vya ndani).

Mtakaokuja Jumamosi andikeni hapa, mkitaja harmonika zenu ni za ufunguo gani, ili nipange nyimbo.