Kwa vijana wetu wa Iowa City na Coralville mnaocheza futiboli ya Kimarekani

Wanangu,

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilikaa karibu na meza yenu na kuwasikia mkibishana: kati ya wachezaji wote wa nafasi ya taiti endi waliopita Chuo Kikuu cha Iowa, mkubwa ni yupi? Wengi wenu mlimtaja George Kittle. Wawili walimtaja T.J. Hockenson. Nilifurahi kuwasikia. Kisha mmoja wenu akasema kocha wa shule yake amemtoa kwenye wapokeaji wa pembeni, wale wanaokimbilia pasi, na kumpanga taiti endi, naye amekasirika, amerudisha helmeti na vifaa vyote. Mkamwambia amefanya vizuri. Hapo sombe ilinishinda kumeza, nikaondoka bila kusema neno. Nilikosea kunyamaza, ndiyo maana nawaandikia leo, na ninawaandikia wote ili asijione amesimamishwa peke yake.

Mnamsifu Kittle, lakini kazi iliyomfanya awe Kittle mnaikimbia. Hilo ndilo lililoniuma.

Kazi yenyewe mnaijua kuliko mimi, ila wazazi wenu nao watasoma, kwa hiyo niieleze kidogo. Taiti endi husimama mwishoni mwa ule ukuta wa watu watano wanaomlinda kwotabeki, yule mrusha pasi. Mara hii anatakiwa asukumane na jitu la kilo mia na zaidi ili mbeba mpira apate njia. Mara ijayo anatakiwa achomoke, akimbie katikati ya mabeki na kudaka pasi. Anaposukuma, uwanja mzima unamtazama mwenye mpira. Anayemtazama yeye ni kocha, na mama yake.

Nilihamia hapa Kittle akiwa bado mwanafunzi. Nilikuwa nafanya kazi za usiku, na Jumamosi nilikuwa nasikia kelele za Kinnick, uwanja wa chuo, kutoka kitandani, hadi mwenzangu wa kazini akanipeleka mara ya kwanza. Mwaka 2014 Kittle alidaka pasi moja. Msimu mzima, moja! Mwaka uliotangulia alidaka tano. Fikirini kijana wa chuo mwenye mbio kama zile, anamaliza msimu mzima akisukuma watu, na mpira unamfikia mara moja tu. Hakurudisha vifaa. Alipomaliza chuo alikuwa na pasi 48 kwa miaka yote, na timu za kulipwa, zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, zikamwacha hadi raundi ya tano ya mwaka 2017, mtu wa 146. Timu ya San Francisco ikamchukua. Mwaka uliofuata huo wa kwanza, yaani 2018, alikusanya yadi 1,377 kwa pasi alizodaka, na wakati huo hakuna taiti endi aliyewahi kufika hapo katika msimu mmoja. Na hata leo wanaoujua mchezo huanza kwa kusifu jinsi anavyosukuma.

Lakini mkiniuliza juu ya Iowa yenyewe, Kittle simweki wa kwanza. Hockenson, mtoto wa Chariton, alidaka pasi 49 na yadi 760 katika msimu mmoja wa 2018, zaidi ya Kittle kwa miaka yake yote hapa. Akapewa tuzo ya John Mackey, ya taiti endi bora wa vyuo nchi nzima. Na upande wa pili wa uwanja huohuo alikuwapo Noah Fant, aliyeondoka na tachidauni 19, yaani mara 19 za kufunga kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, ambazo taiti endi mwingine wa Iowa hakuwa amewahi kuzifikisha. Aprili 2019 wote wawili wakachaguliwa raundi ya kwanza, Hockenson wa nane, Fant wa 20. Chuo kimoja kutoa mataiti endi wawili katika raundi ya kwanza ya mwaka mmoja lilikuwa jambo jipya.

Sam LaPorta, taiti endi mwingine wa Iowa, nampita haraka, mmemwona wenyewe. Marv Cook hamkumwona, naye ni wa West Branch hapo jirani, safari ya dakika chache kwa gari. Mwaka 1987, ugenini kwa Ohio State, jaribio la nne, ndilo la mwisho, yadi 23 zinahitajika na sekunde zinaisha, alidaka pasi ya yadi 28 akafunga. Iowa 29, Ohio State 27. Wazee wa kizungu niliofanya nao kazi waliisimulia kama sisi tunavyosimulia mambo ya nyumbani.

Wangu mimi ni Dallas Clark. Alitoka Livermore, kijiji cha mashamba. Mama yake alifariki ghafla yeye akikaribia kumaliza sekondari. Wapo kati yenu wanaojua maana ya kuanza maisha mapya na msiba mgongoni, sihitaji kuongeza. Alikuja Iowa bila ufadhili wa masomo, tena alikuja kucheza ulinzi, kama lainibeki, mlinzi wa nyuma ya mstari wa mbele. Makocha wakamhamisha wakamwambia: utakuwa taiti endi.

Soma tena hapo, mwanangu uliyekasirika. Walimhamisha.

Mwaka 2002, hapa Kinnick, dhidi ya Purdue, kwotabeki Brad Banks alimrushia mpira naye akakimbia nao yadi 95, karibu uwanja mzima. Purdue wakarudi mbele, na dakika ya mwisho ikikaribia ni Clark tena aliyedaka mpira wa ushindi, 31 kwa 28. Mwaka huo Iowa hawakupoteza hata mechi moja katika ligi ya Big Ten, na tuzo ya Mackey ikaenda kwake. Baadaye akavaa pete ya ubingwa wa ligi ya kulipwa na timu ya Indianapolis. Hayo yote katika nafasi ambayo hakuja kuiomba.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye nafasi hii ni neno la mwili kabisa. Anayeinama zaidi ndiye anayesukuma. Lakini inameni kwa magoti na kiuno. Kichwa kiwe juu, macho mbele. Nimemwona mtoto wetu mmoja akiingia kwa utosi, na usiku ule tulilala hospitali na mama yake. Hilo msilisahau hata mkisahau barua yote.

Na nyinyi mliomwambia amefanya vizuri, mpigieni simu leo, kabla hajazoea kukaa nyumbani.

Wewe mwenyewe: nimeongea na baba yako, ameniruhusu. Jumatatu saa nane na nusu mchana nitakuwa mlangoni pa shule na gari. Tutakwenda kwa kocha pamoja. Mimi nitasimama nyuma, maneno utayasema wewe. Njoo na viatu vyako vya mazoezi.

Mzee wenu, Coralville