Kuhusu ile jeli uliyoniuliza

Mji Mkongwe, Unguja

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Hujambo na watu wa Wete?

Umeuliza kama uongeze jeli ya testosteroni, ile homoni iitwayo ya kiume, juu ya vidonge vyako vya estrojeni, homoni ya kike. Inategemea unaitakia nini. Kwa aliyekoma hedhi, kazi yake iliyothibitika ni moja tu: hamu ya tendo la ndoa iliyopotea, na kupotea kwake kukawa kunakusumbua mwenyewe. Kwamba inaondoa uchovu na kusahau ni maneno ya wauzaji.

Kwanza, kama unachokikimbia ni maumivu ya tendo lenyewe, uke mkavu una dawa yake, estrojeni ya kutia ukeni. Tena vidonge vya estrojeni hulifanya ini litoe kwa wingi protini inayoikamata testosteroni kwenye damu, ikabaki kidogo ya kufanya kazi. Muulize daktari kama utafaa kuhamia plasta au jeli ya estrojeni. Pengine mambo yataishia hapo.

Yasipoisha, pima testosteroni kabla ya kuanza. Kipimo hicho hakionyeshi ugonjwa, kinaonyesha unaanzia wapi.

Jeli nyingi ni za wanaume, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Paketi ya gramu 5 yenye miligramu 50 ni dozi ya mwanamume ya siku moja. Wewe ikufae siku 10. Kila siku vuta nusu mililita kwa bomba la mililita 1 lisilo na sindano. Usikadirie kwa kidole, shoga! Kisha kunja mdomo wa paketi, uubane kwa kibanio cha nguo.

Paka pajani kwa nje, ngozi ikiwa kavu, unawe mikono kwa sabuni. Ina spiriti, kwa hiyo usijifukize udi kabla haijakauka. Na mjukuu asiguse hapo, mtoto mdogo akiipata huanza kuota nywele za siri.

Rudia kipimo baada ya wiki 3 hadi 6. Chunusi na nywele zikizidi, hupungua ukipunguza dozi, ila sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi. Ndiyo maana sindano za testosteroni uzikatae, huipandisha kwenye damu kupita kiasi. Vidonge vya testosteroni navyo huharibu mafuta ya damu. Miezi 6 bila tofauti, acha.

Ukinitumia majibu, andika na kizio chake, nanomoli kwa lita au nanogramu kwa desilita. Nanomoli 1 kwa lita ni kama nanogramu 29 kwa desilita, na namba tupu haitanisaidia kitu.

Wako,
Shoga yako wa Unguja