Risala ya Klabu ya Maktaba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maktaba ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wenzangu, wazazi wetu mliokuja na mvua yote hii ya Tukuyu, wanafunzi na wageni waalikwa wote, mugonile!

Kwanza tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama. Pili tunakushukuru wewe mgeni rasmi kwa kukubali kuja, tunajua shule ni nyingi na barabara za huku msimu huu ni utelezi mtupu, kwahiyo tunasema ndaga fijo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mimi ndo mkutubi wa shule hii. Kawaida risala ya klabu inasomwa na mwanafunzi ila safari hii wanaklabu wameomba nisome mimi, kwa sababu haya yote yalianza na swali moja la mwanafunzi ambalo nilishindwa kulijibu na mpaka leo linaniuma.

Ilikuwa saa ya mapumziko, akaja binti wa kidato cha kwanza, mdogo hata kaunta ilikuwa inamfika kifuani, akasema madam naomba kitabu cha kipunji, yule nyani wa misitu yetu. Kwao ni vijiji vile vya chini ya msitu wa Mlima Rungwe. Nikamwambia subiri mwanangu. Nikaenda rafu ya 599, huko ndo wanakaa mamalia kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, na 599.8 ni nyani, tumbili na jamaa zao. Nikashusha ensaiklopidia, nikashusha kitabu cha wanyama wa Afrika, nikashusha na kile cha Bailojia chenye jalada lililoliwa na ukungu. Nyani yupo, mbega yupo, sokwe yupo, hadi wanyama wa Amerika ya Kusini wapo. Kipunji hamna. Nikarudi kurasa za mbele kuangalia mwaka wa kuchapwa, vitabu vyote vile vilichapwa kabla ya mwaka 2000.

Na hapo ndo shida ilipo. Kipunji watafiti walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003 hapahapa kwetu Rungwe, mwaka uliofuata wengine wakamkuta msitu wa Ndundulu kule Udzungwa upande wa Iringa, akatangazwa rasmi kwa wanasayansi wa dunia mwaka 2005. Mwaka 2006 ikaonekana hafanani na jamaa zake kiasi cha kuweza kuwekwa nao kundi moja, akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jina la mlima wetu limo ndani. Ilikuwa imepita miaka 83 tangu Afrika ipate jenasi mpya ya nyani. Sasa fikiria mheshimiwa, mnyama dunia nzima inamwandika, jina lenyewe la Kinyakyusa, watafiti wenyewe walianza kumtafuta baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa huku, alafu mtoto wa huku anaingia maktaba ya shule yake anamkosa. Nikamwambia sina. Akasema asante madam, akatoka.

Nilivyokuwa chuo cha ukutubi Bagamoyo tulifundishwa kanuni tano za yule mtaalamu wa India, Ranganathan, alizoandika mwaka 1931. Moja inasema kila msomaji na kitabu chake, na ya mwisho inasema maktaba ni kiumbe kinachokua. Nilizikariri nikajibia mtihani nikafaulu. Siku ile ndo nilizielewa, maana maktaba yangu ilikuwa haikui, ilikuwa inazeeka tu na mimi nimeishikilia funguo.

Jioni ile nikampigia mwenzangu niliyesoma naye Bagamoyo, yeye yuko shule moja Iringa. Akaniambia dada we unangoja maboksi ya vitabu vipya, wenzio wanajifunza vifaa vya mtandaoni vile ambavyo mtu hasomi tu bali anaandika pia, anajibu, anarekebisha. Akanieleza habari ya Vitu 23. Hii ni programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na mkutubi anaitwa Helene Blowers, maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, jimbo la North Carolina kule Marekani. Alikuwa anataka wafanyakazi wake wajue teknolojia mpya ila hakuwaita kwenye semina ya kukaa kutwa nzima kuangalia slaidi. Aliwaandalia vitu 23 vidogovidogo vya kufanya kwa wiki tisa, kila mtu kwa muda wake, unafungua unajaribu unachezea alafu unaandika ulichokiona, na aliyemaliza vyote alipewa kifaa kidogo cha kusikilizia muziki. Na akaruhusu maktaba nyingine zichukue mpango ule zitumie, zikachukua nyingi sana nchi mbalimbali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sikufanya vyote 23, vingine vimeshafungwa na vingine havitufai. Nilichokichukua mimi ni ule mtindo wenyewe, kitu kimoja kidogo, ukijue kwa mkono, ndo uende kingine. Nilikuwa nabaki maktaba baada ya kengele ya saa tisa na nusu mpaka giza linaingia, bando la simu yangu nimeliunganisha kwenye kompyuta. Wiki nzima ya kwanza nilijifunza kutengeneza fomu ya mtandaoni tu, ile ya kuuliza maswali na majibu yanajipanga yenyewe kwenye jedwali. Mtu anaweza kuona ni kitu kidogo. Ila zamani nilikuwa nakisia watoto wanataka vitabu gani, sasa kuna kompyuta pale mlangoni fomu iko wazi, kila anayekosa kitabu anaandika alichokikosa. Mwisho wa mwezi nafungua jedwali naona njaa ya shule nzima. Nimeshangaa mwenyewe, nilidhani wataomba hadithi za mapenzi, wameomba sana vitabu vya kurekebisha simu, ufugaji wa kuku, kilimo cha parachichi, na wengi tu wameomba historia ya Wanyakyusa.

Cha pili nilichokipenda ni Plickers, programu ya kuuliza maswali darasani, na hiki naomba nikiseme taratibu maana walimu wengi wanadhani bila kila mwanafunzi kuwa na simu hakuna kitu, na sisi hapa wanafunzi hawaruhusiwi simu na ni sawa. Plickers inahitaji simu moja tu ya mwalimu. Kila mtoto anakuwa na karatasi ina mchoro kama wa msimbo wa QR, na mchoro wa kila mtoto ni wa kwake peke yake, na pande zake nne ni A, B, C na D. Unauliza swali, mtoto anaigeuza karatasi jibu lake likae juu, anainyanyua, mwalimu anapitisha kamera ya simu darasani na majibu yote yanaingia, nani kapata nani kakosa. Na kwa sababu michoro haifanani mtu hawezi kuchungulia kwa jirani. Kuna watoto hapa hawajawahi kunyoosha mkono darasani tangu waje, wanaogopa kuchekwa, ila karatasi wananyanyua. Mwalimu wa Jiografia ni shahidi yangu, yupo pale, alikuja kuangalia siku moja na kesho yake akaja kuniomba seti nzima.

Sasa nije kwenye wiki, hapa nitakaa kidogo mtanivumilia.

Wiki ninayoisema siyo juma, ni aina ya tovuti ambayo anayeisoma anaweza pia kuihariri. Aliianzisha Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, neno lenyewe ni la Kihawaii maana yake haraka, na ndo mtindo huohuo Wikipedia ilikuja kuutumia kuanzia 2001. Mimi nilitengeneza ya kwetu ndogo, inafunguka ndani ya kompyuta sita za maktaba tu. Ukurasa wa kwanza nikaandika neno moja, Kipunji, nikamwita yule binti nikamwambia kitabu chako sina, njoo tukiandike.

Akaja na wenzie wanne. Tukatafuta kwa bando langu tukapata hayo ya miaka na majina ya kisayansi niliyoyataja. Ila juma lililofuata akarudi na daftari, kaenda kwao Jumamosi kamhoji babu yake. Babu anamjua kipunji tangu utoto, anajua anapita juu sana kwenye miti, anajua sauti yake na akaiigiza, mtoto akaandika "anabweka kama honi ya gari bovu". Na watafiti nao wameandika hivohivo, kwamba sauti ya kipunji ni ya kubweka kama honi na ni moja ya mambo yanayomtofautisha na jamaa zake. Kwahiyo babu wa kijijini na mtafiti wako ukurasa mmoja mheshimiwa, na aliyewakutanisha ni mtoto wa kidato cha kwanza. Nilisoma ule mstari nikakaa chini.

Baada ya hapo haikuzuilika tena. Kuna ukurasa wa Ziwa Ngozi, wa Daraja la Mungu kule Kiwira, wa ndizi, yani ndizi peke yake ina kurasa nyingi maana kila mtoto anajua aina ambayo mwenzie haijui na wanabishana majina. Kuna wa chai, kuna wa Kimondo cha Mbozi ulioandikwa na mwanafunzi anayetokea Songwe ambaye alilalamika kwamba Rungwe tunajipendelea.

Ofisini walimu wengine waliniambia madam utajuta, hawa watoto wataharibu kila kitu. Na kweli mwezi wa pili nikafungua asubuhi nikakuta ukurasa wa kipunji mweupe, kuna mtu kafuta wote. Binti wa watu akalia. Lakini wiki ina sehemu inaitwa historia, kila badiliko linatunzwa humo, nani kaandika, saa ngapi, ulikuwaje kabla. Nikamfundisha abonyeze mwenyewe toleo la jana, ukarudi wote kama ulivyokuwa mpaka honi ya gari bovu. Aliyefuta tulimjua, hatukumchapa, tulimpa kazi ya kuandika ukurasa wa Mlima Rungwe na sahivi ndo mhariri mkali kuliko wote, ukikosea urefu wa mlima anakuja na wewe, mita 2,960 hataki pungufu. Naomba walimu wenzangu tuliangalie hili kwa makini, kwenye karatasi mtoto akikosea tunampiga mstari mwekundu na imeisha, huku anakosea anarekebisha na njia yote aliyopita inaonekana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatujatupa vitabu. Walioazima vitabu wameongezeka, kwa sababu mtoto akitaka kuandika ukurasa anatafuta ushahidi, anarudi rafuni. Kwa vitabu vya kiada ambavyo nakala hazitoshi tunatumia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Wikipedia tumeipakua kwa programu ya Kiwix ili isomeke hata mtandao usipokuwepo, na mtandao kutokuwepo huku ni jambo la kila siku.

Changamoto tunazo. Umeme mvua ikinyesha unakatika na huku mvua inanyesha sana, kuna siku watoto wako katikati ya sentensi kompyuta zinazima wanabaki wanaangaliana. Bando natoa mfukoni kwangu, sijutii, ila nina watoto wawili wanasoma na mshahara wa mkutubi mnaufahamu. Kompyuta sita kwa shule hii inamaanisha mwanafunzi mmoja anazigusa kwa zamu, wengine zamu yao inafika muhula umeisha. Na la mwisho, ambalo halihitaji hela hata moja, maktaba haina kipindi kwenye ratiba. Wanaokuja ni wale wenye nafasi, na yule anayeteka maji na kupika saa za mapumziko, hasa mabinti wanaopanga vyumba mtaani, hatumpati.

Kwahiyo tunaomba mheshimiwa utusaidie maktaba ipate intaneti yake, isitegemee simu ya mtu, maana mimi nikihamishwa kesho itahama na mimi. Tunaomba sola ndogo na betri yake ya kushikilia hizo kompyuta sita hata saa mbili tu. Tunaomba utuombee kwa wenzetu wa ratiba kipindi kimoja kwa wiki kwa kila darasa. Na mimi kwa upande wangu naahidi mbele yako na mbele ya wazazi hawa, wakutubi na walimu wanaoshika maktaba shule nyingine za wilaya wakiruhusiwa kuja Jumamosi nitawafundisha bure, kitu kimoja kwa wakati mmoja, mpaka kila mmoja awe na wiki ya kwao. Shule za Busokelo wanajua mambo ya huko ambayo sisi hatuyajui, hatuwezi kuwaandikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii utaongozwa kukagua maktaba. Kompyuta ya kwanza mkono wa kulia imeshawashwa, ukurasa ulio wazi ni wa kipunji, na aliyekaa pale ni yule binti, sahivi yuko kidato cha tatu. Amesikia kwamba wewe umewahi kufundisha shule za kando ya msitu kwa miaka mingi na ameacha nafasi chini ya maneno ya babu yake, anataka kukuuliza kama uliwahi kumsikia kipunji.

Karibu sana maktaba.

Imeandaliwa na Klabu ya Maktaba na kusomwa na Mkutubi wa Shule.