Kaka, kabla hujaipiga mzigo hiyo seva

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Kamwene kaka,

Za Iringa, shemeji na watoto hawajambo? Huku baridi imeshaanza kuuma, naandika nimejifunga blanketi na jiko la mkaa nimelitoa nje mlangoni. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unasema mfumo wa ushirika wenu wa bei za parachichi unaanza wiki mbili zijazo na unataka kuupima kwa kufungua JMeter, ile programu inayoigiza watumiaji wengi kwa mpigo, unaweka yuza 500 (watumiaji wa kuigiza), unabonyeza stati, unaangalia kama seva itasimama. Nakuomba usipime hivo, na sisemi kwa kujua sana, nasema kwa sababu mimi nlishakosea kwenye hayahaya mambo na watu wakaumia.

Kuna chuo kimoja kilinipa kazi ya kupima mfumo wa wanafunzi kusajili masomo. Wanafunzi 3,000, dirisha linafunguliwa saa mbili asubuhi, nikapiga hesabu yangu vizuri kabisa, kila mmoja atatuma kama rikwesti 12 (yaani maombi kwa seva), tuseme wote wamalize ndani ya dakika 10, hizo ni rikwesti 36,000 kwa sekunde 600, yaani 60 kwa sekunde. Nikaingia JMeter nikaweka ile Constant Throughput Timer, taima inayoshikilia kasi ya kutuma, nikachagua thredi zote (kila thredi ni yuza mmoja) zigawane hicho kiwango, kwenye kiboksi nikaandika 60. Kile kiboksi kinahesabu kwa dakika kaka. Kwa dakika! Nlitakiwa niandike 3600. Nusu saa nzima nimeipima seva kwa rikwesti moja kwa sekunde, majibu yote kijani, nikaandika ripoti kwamba mfumo uko sawa na nikasaini.

Siku yenyewe saa mbili na dakika tano ukalala. Nimefika pale korido imejaa vijana, binti mmoja akanionyesha simu yake, kiduara kinazunguka tu, anasema ameingiza namba ya usajili mara saba, akaniuliza kwani sisi tumekosea wapi. Sikuwa na cha kumjibu. Kwenye ripoti yangu ile safu ya kasi ilikuwa imeandika wazi kabisa moja kwa sekunde na mimi sikuiangalia. Tangu siku hiyo kabla ya kuangalia kingine chochote naangalia kwanza kama kasi niliyoiomba ndo kasi iliyotoka.

Sasa hizo yuza 500 zako. Shida yake ni kwamba kila yuza wa JMeter anatuma rikwesti, anasubiri jibu, ndo anatuma nyingine. Seva ikichoka, na wao wanapunguza mwendo, yaani mpimaji anaionea huruma seva bila wewe kujua. Wakulima wa kweli hawako hivo. Chukulia mashine ya kusaga, kina mama wanafika na debe la mahindi, mmoja kila dakika, halafu mkanda unakatika dakika 10. Wa kwanza atasubiri 10, anayefuata 9, mwingine 8, na foleni inazidi kurefuka maana hakuna aliyewaambia huko nyumbani wasije. Lakini ukimtuma mtoto mmoja na madebe yote, ukamwambia leta debe jingine likishasagwa la kwanza, jioni atakwambia nimecheleweshwa mara moja tu, mengine yote yalienda chapchap. Hajadanganya, ila amekuficha wale kina mama tisa. Ripoti ya JMeter iliyowekwa vibaya ni huyo mtoto. Gil Tene, yule wa Azul Systems, amelieleza sana hili jambo, na ndo maana kwenye wrk2, programu yake ya kupima seva, muda unahesabiwa tangu pale rikwesti ilipotakiwa kutumwa, hata kama imechelewa kutoka.

Kwa hiyo anza na kasi. Umesema wanachama ni 4,000, bei inatoka saa kumi na mbili jioni kwa meseji yenye linki. Tuseme nusu yao wanafungua ndani ya dakika mbili, na ukurasa mmoja unavuta rikwesti 6. Hizo ni 12,000 kwa sekunde 120, yaani 100 kwa sekunde. Na hiyo ni wastani, zile sekunde za mwanzo baada ya meseji kuingia zitakuwa na kishindo zaidi, so ukimaliza mia pima na mia tatu kwa muda mfupi.

Idadi ya thredi inakuja baadaye, na inatokana na kanuni ya Little: kasi mara muda wa jibu. Rikwesti 100 kwa sekunde na jibu la nusu sekunde, thredi 50 zinatosha. Seva ikizidiwa jibu likafika sekunde 3, sasa unahitaji 300, na ile taima haiwezi kukuongezea, yenyewe kazi yake ni kuzichelewesha thredi tu. Ukiwa nazo 50 kasi itashuka kimyakimya. Ndo maana sasaivi natumia k6, programu nyingine ya kupima, kuna mpangilio unaitwa constant-arrival-rate, unaiambia 100 kwa sekunde inaanzisha mizunguko 100 ya skripti hata seva ilie (so kila mzunguko uwe na rikwesti moja), na yuza wakiisha inakuandikia kabisa ni mizunguko mingapi imeshindwa kuanza. Hiyo namba ikiwa juu ya sifuri, usiamini majibu mengine mpaka umeongeza yuza.

Panda polepole, 10, 25, 50, 100, kila ngazi kaa dakika tano, na wastani achana nao kabisa, angalia asilimia 95 na 99, yaani muda ambao rikwesti 95 au 99 kati ya 100 zimejibiwa ndani yake, maana mkulima wa Rungwe mwenye mtandao wa kusuasua yuko huko mwishoni.

Usipime kwa laptopu na bando la simu, utakuwa unapima bando. Kodi kamashine kadogo karibu na seva yenyewe. Na zima utumaji wa meseji za kweli kwanza, nakuomba sana, rikwesti 100 kwa sekunde kila moja ikitoa meseji utamaliza hela ya ushirika kabla chai haijapoa, na wazee wa watu wataamka na meseji mia.

Jumamosi nitapanda kuja Iringa, nampeleka mama kwa dada pale Kihesa, nitakuwepo mpaka Jumatatu, tukae pamoja tuiwashe. Ila kabla sijafika nitumie logi (kumbukumbu za seva) za ile siku mliyojaribu na wanachama wachache, nataka nione dakika yenu yenye watu wengi ilikuwa na rikwesti ngapi, maana hiyo nusu ya wanachama nimekisia tu mimi.

Wako,
wa Uyole