Barua ya wazi kwa mafundi vijana: mjueni Newcomen kabla ya Watt

Wanangu,

Kila mkiulizwa chanzo cha injini ya mvuke mnamtaja James Watt, fundi wa Scotland. Watt alizaliwa 1736. Mwaka 1712 injini ya Thomas Newcomen, muuza vyuma wa Dartmouth, ilikuwa tayari inavuta maji mgodini karibu na Dudley, Uingereza. Naomba mumpe haki yake, na haki hiyo mtampa mkiielewa kazi yake.

Kwanza, mvuke wake hausukumi pistoni, yaani kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Kazi inafanywa na uzito wa hewa. Chemsheni maji kidogo kwenye kopo la bati lililo wazi, mlitoe motoni, ndipo mlifunge na kulimwagia maji baridi. Linabonyea mbele ya macho yenu. (Msilifunge likiwa motoni, litapasuka.)

Silinda ya Dudley, kipenyo inchi 21, ilisimama juu ya boila, chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke. Pistoni ilining'inia kwa mnyororo kwenye ncha ya boriti kubwa ya mbao. Ncha ya pili ilibeba vyuma vizito vya pampu. Uzito wa pampu unainua pistoni, silinda inajaa mvuke. Vali inafungwa, maji baridi yanarushwa ndani, mvuke unarudi kuwa maji, linabaki ombwe (nafasi tupu isiyo na hewa), na hewa ya nje inaikandamiza pistoni chini. Mara 12 kwa dakika, kila mara lita 45 hivi za maji, kutoka kina cha meta 46.

Kurusha maji ndani hakukupangwa. Triewald, mhandisi wa Sweden aliyemfahamu Newcomen, aliandika kwamba awali silinda ilipozwa kwa nje, polepole, hadi lehemu iliyoziba kasoro ya silinda ilipoachia na maji yakaingia. Pistoni ilishuka kwa kishindo.

Uvujaji je? Silinda za wakati ule hazikuwa za mviringo kamili, kwa hiyo pistoni ilivikwa ngozi na kumwagiwa maji juu yake ili yazibe nyufa. Adui mkubwa zaidi ni hewa iliyomo kwenye maji. Haigeuki kuwa maji kama mvuke; inajilimbikiza kila mzunguko, ombwe linapungua, injini inazimika. Ndiyo maana kuna vali ndogo ya kuitoa chini ya silinda. Mafundi wengi wanaojenga modeli huisahau.

Hasara yake ni kupasha na kupoza silinda ileile kila mara. Mgodini makaa yalikuwa tele, ikavumilika. Watt aliigundua hasara hiyo alipokarabati modeli ya injini ya Newcomen ya Chuo Kikuu cha Glasgow, iliyokuwa ikipiga mara chache na kusimama. Silinda ndogo ina ukuta mwingi ukilinganisha na ujazo wake, hivyo inameza mvuke kupita kiasi. Modeli yenu ikisimama hivyo, msiharakishe kuibomoa: pimeni kwanza kama boila inatosha, kisha kagueni ile vali ya hewa.